Nta Kwenye Mkanda wa Supachaja

Iko siku ambayo sina haja ya kuikumbuka, mwanangu, kwa sababu haijawahi kuniondoka. Jua lilikuwa limeshapanda, gereji yetu pale Mfaranyaki imejaa watu, na Fundi Mbano ameinama juu ya injini inayonguruma huku ameshika bonge la nta ya nyuki. Mkanda wa supachaja ulikuwa unapiga mlio mkali mpaka mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akaziba masikio. Fundi akaisogeza nta taratibu, mkanda ukailamba, ukailamba tena, na ule mlio ukafa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa boneti na spana mkononi, na sikupiga makofi, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu ambacho wao hawakukiona.

Nitakwambia niliona nini, ila usiniharakishe. Wewe una haraka ya gari, mimi nina magoti mabovu, na habari hii ukiipokea nusu ni afadhali usiipokee kabisa.

Umeniletea gari lako limefungwa supachaja. Ukaweka juu ya meza yangu kopo la dawa ya kupuliza, ukaniambia kwa adabu nzuri, "Shikamoo mzee Otmari, naomba unipulizie kidogo tu, mkanda unateleza nikikanyaga mafuta." Nikakataa, ukanuna. Nuna tu. Nimeshanuniwa na watu wakubwa kuliko wewe. Najua vijana wenzako wanakungoja Jumapili mkashindane kupanda milima ya kwenda Mbinga, na najua umeshawaambia gari lako halishikiki. Sasa sikiliza mtu aliyewahi kuona gari lisiloshikika.

Fundi Mbano alikuwa mwalimu wangu wa kazi. Kabla ya kushika magari alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na jina lake lilijulikana kuanzia Maposeni mpaka Lusewa. Mashine ya kusaga ya zamani, kama hujawahi kuitazama kwa makini, injini yake imekaa huku na kinu kimekaa kule, katikati kuna mkanda mpana, bapa, mrefu. Mkanda ule ukichakaa huteleza, kinu kinazubaa, na akina mama wenye madebe yao wanaanza kulalamika. Huku kwetu nta ya nyuki haikosekani, kwa hiyo mafundi wa mashine walikuwa na desturi ya kuupaka mkanda nta. Ikishapakwa, mkanda unashika, kinu kinazunguka, mahindi yanakuwa unga. Ni desturi nzuri na siidharau. Mashine imekaa kwenye banda, chini ya kivuli, haiendi popote, na mkanda ukikataa kabisa, hasara ni akina mama kurudi na mahindi yao mpaka kesho.

Fundi Mbano alivyokuwa anaijua nta! Alikuwa anaichagua kwa kuinusa. Alikuwa anaichanganya na utomvu wa msindano kwa kipimo alichokijua yeye, anaipika kwenye kopo, anaiacha igande. Akija kijijini watu wanatoka nje kumpokea. Mtu akisifiwa hivyo kwa miaka mingi, inakuwa vigumu kumwambia kwamba kuna mkanda ambao nta yake haiufai.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Bosko. Tulijifunza kazi pamoja, mimi na Bosko, tukagombana pamoja, tukanywa pombe ya ulanzi pamoja siku za sikukuu na kukoromewa pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa mcheshi, mimi ndiye niliyekuwa na maneno ya kuudhi. Ukitaka kujua nilivyompenda yule kijana, nitakwambia tu kwamba wanangu wawili nilitaka kuwapa jina lake, na mara zote mbili ulimi ulikataa.

Bosko alikuwa na pikapu. Alibeba maharage na mahindi kwenda Njombe, na kila safari alirudi akilaani mlima wa Lukumburu. Unaujua mlima ule. Gari likiwa na mzigo linapanda huku linahema, malori yako mbele yako, na kulipita lori pale unahitaji injini yenye pumzi. Ndipo akapata supachaja, imetolewa kwenye gari lililopata ajali, mtu kaileta kutoka Dar es Salaam. Wewe unajua supachaja ni nini, lakini atakayesikia habari hii kwako huenda hajui, kwa hiyo mweleze hivi: ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe, inaisindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta kwa nguvu zake, na injini inapata nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Mkanda ukishika, nguvu ipo. Mkanda ukiteleza, nguvu inaondoka hapo hapo, na hakuna anayekuaga.

Injini ya pikapu haikutengenezwa kubeba kitu kile. Ikabidi tuitafutie mahali pa kukaa. Fundi Mbano akakata chuma cha fremu ya kitanda, akakitoboa, akakichomelea, ikawa breketi. Supachaja ikakaa. Tulipoiwasha mara ya kwanza, Bosko alicheka mpaka machozi. Injini ilikuwa na sauti mpya, nzito, ya kujiamini, na majirani wakatoka nje kutazama.

Lakini kila alipokanyaga mafuta, mkanda ulipiga mlio.

Siku hiyo ya nta, Bosko alikuwa ndani anakanyaga, baba yake yuko mbele, watu wamezunguka. Na mimi nikaona breketi inapinda. Injini ikiwa imetulia, puli ya supachaja, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, ilikuwa imenyooka na puli ya chini ya injini. Bosko akikanyaga, mkanda ulivuta, kile chuma cha kitanda kikalegea kidogo, puli ikainama, na mkanda ukaanza kukaa upande. Akiachia, chuma kinarudi mahali pake, na ukitazama unaona kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Mkanda ulikuwa unateleza kwa sababu puli ilikuwa inaukimbia, na ule mlio ulikuwa unatuambia hivyo hivyo, kwa lugha yake, kwa sauti ya juu kabisa. Nta iliunyamazisha mlio. Breketi iliendelea kupinda kimya kimya.

Nikasema. Hapo unielewe vizuri, mwanangu, nilisema, na nilisema kwa heshima. Nilisubiri makofi yaishe, nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee, breketi inacheza. Puli inainama akikanyaga."

Fundi akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe umeanza lini kushika spana?"

"Samahani mzee, ila nimeiona kwa macho."

"Mlio upo?"

"Haupo."

"Sasa unatafuta nini? Nimekuuliza, mlio upo?" Sauti yake ilikuwa imepanda na watu walikuwa wanasikia. "Mikanda nimeanza kuipaka nta mama yako hajaolewa. Leo mbele za watu unakuja kunisahihisha kwenye gereji yangu? Nenda nyumbani. Utarudi ukishajifunza adabu."

Watu wakacheka kidogo, wale wa kucheka kila fundi mkuu anapomkaripia fundi mdogo. Nikaweka spana chini. Nikaosha mikono kwa petroli, nikaondoka, na nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka moto. Sikuwa na hasira ya kutukanwa, maana gereji bila matusi huijui na mimi siijui. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa na haki.

Ni lazima nikueleze desturi ya gereji ile, na ya gereji nyingi za huku, maana ndiyo iliyofanya kazi siku ile kuliko hata nta. Mkubwa akishafunga boneti, kazi imekwisha. Mdogo hafungui boneti iliyofungwa na mkubwa. Mdogo hasemi neno juu ya kazi ya mkubwa mbele ya mteja. Tuliambiwa hiyo ndiyo heshima, na tuliishika kwa moyo wote, kwa sababu tulitaka siku moja na sisi tuwe wakubwa tuifaidi.

Bosko alinifuata baadaye. Nilikuwa nimekaa kwa mama mmoja anayeuza chai karibu na stendi, chai yenyewe imepoa sijaigusa. Akakaa, akachukua kikombe changu, akanywa.

"Baba amekupandishia sauti bure," akasema. "Atapoa. Unamjua."

"Bosko, breketi ile inapinda."

Akakitua kikombe. Halafu akasema, "Naijua."

"Unaijua?"

"Ukiwa ndani unaisikia kwenye mguu. Nikikanyaga inakuja nguvu, halafu inayumba. Inakuja, inayumba. Nilifikiri ni mimi. Uliposema nikajua ni yenyewe."

"Basi usiende nayo Njombe. Tuitoe, tutafute chuma kizito, tuichonge upya. Hata springi ya lori."

"Mzigo umeshapakiwa, Otmari. Wenye maharage wananingoja."

"Waambie gari bovu."

"Niwaambie gari bovu, na baba ametoka kulitengeneza mbele ya watu?" Akacheka, lakini hakikuwa kicheko chake. "Dadi akishasema imekwisha, imekwisha." Dadi ndivyo tunavyomwita baba kwa Kingoni, na Bosko alitumia neno hilo alipokuwa anaongea habari za nyumbani. "Unataka nimwambie nini? Kwamba hajui kazi? Nikifika Njombe nikarudi salama, nitamwambia polepole, tukiwa wawili. Siwezi kumwaibisha."

Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayarudia. Alimaliza chai yangu, akanipiga begani, akaenda. Kesho yake asubuhi alipita na pikapu mbele ya nyumba niliyopanga, akapiga honi ya kunitania, na injini ilikuwa kimya, tamu, haina mlio hata kidogo.

Sasa nikueleze nta inavyofanya, ili siku nyingine usimwamini mtu anayekwambia amejaribu gari kwa kuzunguka mjini. Nta ikiwa baridi inanata. Ukiliendesha gari kutoka Mfaranyaki mpaka Lizaboni na kurudi, mkanda utashika vizuri, utafurahi, utamwita fundi wako mganga. Lakini mkanda wa gari ni mwembamba, una mifereji, umefungwa karibu na injini, na kule ndani kuna moto. Ukipanda mlima mrefu na mzigo, nta inapata joto, inayeyuka, inaingia kwenye mifereji, na kile ulichokipaka ili kishike kinageuka kuwa mafuta. Kwa hiyo itakushikia mahali ambapo huna shida, na itakuachia pale unapoihitaji. Na haitapiga mlio, kwa sababu umeshaulainisha mkanda usiseme kitu.

Habari tuliletewa na dereva wa lori. Yeye ndiye Bosko aliyekuwa anampita, pale Lukumburu, kwenye kona ya kupanda. Alikuja gereji mwenyewe, mtu mzima, na akasimulia akiwa amesimama kwa sababu alikataa kukaa.

"Alikuja na nguvu," akasema. "Nikajua huyu ananipita bila shida, nikasogea pembeni. Amefika ubavuni kwangu, gari likalegea. Sikusikia kitu. Lililegea tu. Yeye anakanyaga na gari haliendi. Akanitazama. Nikakanyaga breki ili arudi mbele yangu, lakini basi lilikuwa limeshatokea juu, linashuka. Lile basi lina watu. Alikuwa na nafasi ya kunigonga mimi, au kuligonga basi, au kwenda bondeni. Akaenda bondeni."

Fundi Mbano alikuwa anasikiliza akiwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono. Aliendelea kufuta. Mikono ilikuwa safi na yeye anaendelea kuifuta.

Nilikwenda naye. Ndugu wengine walikwenda kuuchukua mwili, yeye akasema anataka kuliona gari kwanza, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hilo linaweza kungoja. Pikapu ilikuwa imevutwa mpaka kwenye kituo cha polisi, imeviringika, maharage yamejaa kila mahali mpaka ndani ya taa. Boneti ilikuwa imejikunja na tuliifungua kwa mtarimbo. Sikutaka kutazama, nikatazama. Mkanda ulikuwa umetoka nusu kwenye puli, unang'aa, na nta ilikuwa imerushwa kwenye injini nzima, imeganda kwa matone. Breketi ilikuwa imeinamia ndani.

Unaweza kusema ilipindwa na ajali. Mimi na yeye tulikuwa mafundi, na kovu la chuma tunalijua. Chuma kinachopindwa mara moja kwa kishindo kina alama yake, na chuma kinachochezeshwa mpaka kichoke kina alama yake. Ile ilikuwa ya kuchoka. Fundi Mbano aliipapasa kwa kidole gumba, akaupapasa mkanda, akairudia breketi. Halafu akaniuliza swali moja, bila kunitazama.

"Alijua?"

Mwanangu, ningeweza kumdanganya. Alikuwa mzee, alikuwa amepoteza mtoto wake wa pekee wa kiume, na uongo mdogo pale ungekuwa huruma. Lakini nilikuwa nina hasira naye, na nilikuwa na majonzi, na sijui hata leo ni lipi kati ya hayo mawili lililofungua mdomo wangu.

"Alijua, mzee."

"Akaenda?"

"Alisema hawezi kukuaibisha."

Hakulia. Aliufunga mkanda ule ndani ya kile kitambaa, akauweka mfukoni, tukaenda kumchukua Bosko.

Msiba sitausimulia. Kila mtu anajua msiba wa kijana ulivyo. Mama yake Bosko hakukanyaga tena gereji mpaka yeye naye alipozikwa. Mimi nilikaa kwenye msiba ule nikingoja jambo moja, na nakwambia bila aibu kwamba nililingoja kwa uchungu: nilingoja Fundi Mbano aniite aniombe radhi. Nilijiona nastahili. Nilikuwa nimesema ukweli nikafukuzwa, na ukweli wangu ulikuwa umelala kwenye sanduku pale mbele yetu.

Aliniita kweli, baada ya watu kutawanyika na jamaa wa mbali kurudi kwao. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, amekonda, ndevu zimeota nyeupe tupu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Akasema, "Kwa nini ulisema mara moja tu?"

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Uliiona breketi," akasema. "Macho yako ni mazuri, mimi ndiye niliyekufundisha kutazama. Ukaniambia mara moja, tena kwa kunong'ona. Nikakutukana, ukaondoka. Ni hilo tu? Tusi moja, na ukaniachia mtoto wangu?"

"Mzee, ulinifukuza."

"Nilikufukuza! Ungekataa kuondoka. Ungepiga kelele kama ule mkanda. Ungemwambia kila mtu pale, huyu mzee hajui anachofanya, tazameni wenyewe. Ungekuja na kisu ukaukata mkanda. Ningekupiga, Otmari. Ningekupiga mbele za watu na ningekufukuza kazi na ningekulaani. Na Bosko angekuwa hapa." Hapo ndipo alipolia. Alilia huku ananionyeshea kidole. "Mlinipa heshima, wote wawili. Yeye kanipa na wewe umenipa. Nani aliwaomba?"

Niliondoka pale. Nilitaka kumrudia nimwambie, wewe ndiye uliyeomba, mzee. Kila siku ya kazi ulikuwa unaomba, ulituchapa kwa ajili yake, na tulipokupa unatugeukia. Niliyapanga maneno hayo vizuri sana kichwani na sikuwahi kuyatoa. Mpaka leo hii, mzee yule yuko kaburini, na mimi bado nabishana naye. Kuna asubuhi nashinda mimi. Kuna asubuhi anashinda yeye. Nikiwa nimepumzika vizuri nasema hakunitendea haki, na nikiona kijana kama wewe ameshika funguo za gari lenye supachaja, nasema alikuwa na haki yote.

Alirudi kazini. Watu walidhani hatarudi. Nta yote iliyokuwa gereji aliitupa kwenye shimo la taka, na mtu wa mashine akija kuitafuta alimwelekeza kwa mafundi wengine. Na akaanzisha utaratibu ambao mafundi wa mjini waliucheka. Gari likiletwa, alifungua boneti, akakaa pembeni, akamwita fundi mdogo kuliko wote. "Unaona nini?" Yule akishasema, anafuata mwenzake aliyemzidi kidogo, na mwingine, mpaka zamu inamfikia yeye wa mwisho. Na kazi ikimalizika, yule mdogo ndiye aliyefunga boneti. Asipoifunga, gari haliondoki, hata kama mteja anatukana. Wateja wengine walituhama. Walisema gereji gani hii ambayo watoto wanawapimia wazee kazi.

Mimi hapa kwangu nafanya hivyo hivyo, na wewe umeona, na najua umechekea tumboni.

Sasa nikutolee maneno yangu wazi, usije ukaniambia niliongea kwa mafumbo. Mkanda ukiteleza, usiupake kitu. Si nta, si sabuni, si soda, si hiyo dawa yako ya kopo. Zima injini, tafuta sababu. Tazama kama kuna sili, ile raba ya kuzuia mafuta, inayovuja na kuumwagia mkanda mafuta, na ukiikuta, badilisha sili kwanza, mkanda baadaye. Mkanda ukishaanza kung'aa upande wa mifereji, umekufa, utupe, usiufufue. Chukua chuma kilichonyooka ukiegemeze kwenye uso wa puli zote, uone zimekaa mstari mmoja. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, mweke mtu akanyage mafuta na wewe utazame tena ukiwa mbali na mkanda, maana puli inayonyooka injini ikiwa imetulia inaweza kuinama ikifanya kazi. Breketi iwe ya chuma kisichojua kupinda, na ishikwe na injini zaidi ya sehemu moja. Mkanda uikumbatie vizuri ile puli ndogo ya supachaja. Ukiiona inaguswa kidogo tu, ongeza puli ya kuuelekeza mkanda uizunguke. Kaza kiasi, usikaze mpaka beringi ikalia. Na usiliamini gari mpaka limepanda mlima na mzigo, limechemka, ukaliegesha ukalifungua boneti na kulitazama upya.

Ukifanya hayo yote na bado unapiga mlio, ushukuru mlio. Kaa nao. Usimlipe mtu akunyamazishie kitu kinachokuambia ukweli.

Na hili ndilo nililokukalishia hapa, maana hayo ya puli ungeweza kuelezwa na fundi yeyote. Mimi ni mzee sasa. Watu wananiamkia tangu mbali, wananipisha kwenye benchi, nikisema jambo wanaitikia kabla sijamaliza. Ni raha, na inaniogopesha. Ukiniona nakosea kwenye gari lako, niambie. Nikikutolea macho, niambie tena. Nikikutukana, na ninajijua, nitakutukana, wewe pandisha sauti watu wasikie. Na nikikataa kabisa, chukua kisu uukate mkanda, uniache napiga kelele peke yangu na gari lisilotembea. Nitakasirika. Huenda nisikusemeshe mpaka nife. Fanya hivyo hivyo. Adabu nipe kwenye salamu na kwenye kiti. Kwenye kitu kinachobeba roho ya mtu, usinipe adabu.

Haya, inuka. Mungu ailinde miguu yako na mikono yako, na barabara unazopita zikurudishe kwa mama yako. Akupe macho ya kuona chuma kinachopinda na koo la kupigia kelele, na akujalie uishi miaka mingi, mwanangu, uzeeke, ukosee mbele ya watoto wako, na wakukatalie.